Kabla ya Mandara, anzia Mang'ula

Swali: Shikamoo kaka. Nina miaka 47, nakaa Tabata, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Kikundi chetu cha vikoba, akina mama kumi na wawili, tumekubaliana Desemba hii wakati wa Uhuru twende Marangu, tupande Kilimanjaro mpaka vibanda vya Mandara na kurudi siku hiyohiyo. Wenzangu wanasema hayo ni matembezi tu, si kupanda mlima. Mimi sijawahi kutembea porini hata mara moja, goti la kushoto linanisumbua nikishuka ngazi, na nyoka nawaogopa. Je, kuna hifadhi ya taifa yenye njia nyepesi nikajipime kwanza? Na mwanangu wa miaka kumi naweza kwenda naye?

Jibu: Marahaba dada. Umeuliza mapema, na hilo tayari limekuweka mbele ya wenzako kumi na mmoja.

Wanachosema kina ukweli nusu. Kwenda Mandara si kupanda mpaka kileleni; hakuna kamba, hakuna barafu, na njia yenyewe imetengenezwa vizuri, ina hadi ngazi za mbao sehemu zenye utelezi. Lakini lango la Marangu liko mita 1,879 kutoka usawa wa bahari, na vibanda vya Mandara viko mita 2,720. Katikati hapo pana mita 841 za kupanda, ndani ya kilomita kama 8. Mtu wa Tabata hatishwi na kilomita nane. Siku daladala zikigoma tunazitembea huku tunapiga soga. Kinachomtoa mtu jasho na kumtia aibu mbele ya shemeji zake ni zile mita 841.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kuacha kuuliza njia ina kilomita ngapi. Uliza inapanda mita ngapi. Mskoti mmoja, William Naismith, aliacha hesabu mwaka 1892 ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: weka saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuijaribu kwa Mandara. Kilomita 8 ni saa moja na dakika 36. Mita 841 ni saa moja na dakika 24. Jumla saa tatu kamili. Naismith aliwapigia hesabu watu wenye mazoezi, wasiosimama kupiga picha wala kusubiri mwenzao afunge kamba ya kiatu. Mtu anayeanza mimi humwongezea nusu, na kikundi cha watu kumi na wawili nakiongezea tena kidogo, kwa sababu kikundi hutembea kwa mwendo wa yule wa nyuma. Weka kama saa tano kupanda, saa mbili na nusu au tatu kushuka, na muda wa kula. Tayari ni siku nzima, tangu saa mbili asubuhi mpaka jua linapoelekea kuzama. Hiyo ndiyo “matembezi tu” yao.

Sikukatazi kwenda. Nasema usiifanye Mandara iwe siku yako ya kwanza.

Mahali pa kuanzia kwa mtu wa Dar, kwa maoni yangu, ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, pale Mang'ula. Nakiri nina upendeleo: miaka mingi ya kuongoza wageni nimeimalizia huko, na harufu ya ule msitu baada ya mvua naijua kama harufu ya jikoni kwa mama yangu. Lakini sababu zangu si za mapenzi pekee. Udzungwa, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990 na haina barabara za kutalii kwa gari. Ukitaka kuiona, utatembea, uwe waziri au mwanafunzi wa darasa la sita. Hivyo kila kitu pale kimepangwa kwa ajili ya watu wa miguu: njia zimewekwa kwa madaraja, kuanzia ya dakika arobaini mpaka ya siku kadhaa, na askari na waongozaji wamezoea kumwona mtu anayehema. Kwenye hifadhi za magari mtembeaji huonekana kama kitu cha ziada.

Safari yenyewe si ngumu. Unatoka Dar kwa barabara ya Morogoro, unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi (twiga na tembo utawaona ukiwa ndani ya basi, bure), ukifika Mikumi mjini unaingia kushoto kuelekea Ifakara. Unapita Kidatu na mashamba ya miwa, na kwa kilomita 60 na kitu kutoka Mikumi uko Mang'ula. Nyumba za kulala wageni zipo kwa viwango tofauti. Reli ya TAZARA nayo inapita hapohapo, ila anayeitegemea treni hiyo awe na moyo wa subira na kitenge cha kujifunika usiku. Nenda Ijumaa, lala, tembea Jumamosi, lala tena, tembea Jumapili asubuhi, rudi. Kati ya Juni na Oktoba njia zinakuwa kavu. Machi mpaka Mei mvua ni ya kweli na udongo unateleza kama mlenda.

Jumamosi asubuhi anza na njia ya Prince Bernhard. Imepewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa WWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori. Ina kama kilomita moja tu na inakupeleka kwenye maporomoko madogo karibu na makao makuu ya hifadhi. Dakika arobaini. Utaniuliza, kaka, nimetoka Dar kilomita mia tatu na hamsini kuja kutembea dakika arobaini? Ndiyo. Njia hii ni ya kujua kiatu kinabana wapi, mkoba unauma bega gani, na moyo unapiga vipi ukikutana na mwinuko wa kwanza. Hayo yote ni afadhali uyajue ukiwa dakika ishirini kutoka kwenye benchi la mapokezi kuliko saa tatu juu ya Marangu.

Ukirudi ukiwa mzima, kunywa maji, kula, kisha mchana uende Sonjo. Njia ya Sonjo ina kama kilomita 2.5, saa mbili hivi kwa mwendo wa taratibu, nayo ina maporomoko mawili. Inapita kwenye miombo kabla ya kuingia kwenye kivuli cha mto. Hapa goti lako litasema kweli, maana kuna kupanda na kushuka kwa vipande vifupi. Tega sikio juu: mbega wekundu wa Udzungwa, wenye kishungi cha rangi ya kutu utosini, hawapatikani kokote duniani ila kwenye milima hii na mabonde yake. Hawaogopi sana watu. Wakikuangalia, nawe waangalie, ila ndizi yako ibaki mfukoni.

Jumapili, kama miguu imekubali, ndipo Sanje. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Sanje ndiyo mtihani wako halisi wa Mandara. Maporomoko ya Sanje yanaanguka kwa ngazi tatu, na ile kubwa ina mita 170 hivi. Njia huanzia upande wa kijiji cha Sanje, kaskazini ya makao makuu, na mzunguko mzima unachukua kama saa nne. Mwanzo unapanda, unapanda, unajiuliza nani alikutuma. Kisha msitu unafunguka ghafla na unaona bonde lote la Kilombero chini yako, miwa imepangwa kama mkeka wa ukindu, na maji yanapita pembeni yako kwenda kujitupa. Watu wengi wakifika hapo hukaa kimya, hata wale waliokuwa wanaongea njia nzima. Baadaye unateremka pembeni ya maporomoko mpaka kwenye vidimbwi vya chini, ambako wenye moyo huoga. Maji ni ya baridi. Kanga ya kubadilishia usiisahau.

Msitu huo ndimo anamoishi mangabei wa Sanje, nyani mdogo wa kijivu ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Yaani mnyama wa ukubwa ule, mwenye sauti ya kusikika mlima hadi mlima, alikuwa hajaandikwa popote mpaka juzi tu. Wazee wa kijijini walikuwa wakimjua siku zote, ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Ukimaliza Sanje na jioni yake bado unaweza kupanda basi bila kushikwa mkono, Mandara utafika. Ukishindwa, hujapoteza kitu. Una miezi ya mazoezi mbele yako, na umejua kwa gharama ndogo.

Sasa goti. Hili ndilo lililonifanya niandike jibu refu, kwa sababu watu wengi hujiandaa kupanda na hakuna anayejiandaa kushuka. Kupanda kunachosha mapafu na mapaja. Kushuka ndiko kunakoumiza goti, kwa sababu kila hatua unadondosha uzito wako wote na msuli wa mbele wa paja ndio unaoudaka. Msuli huo ukiwa dhaifu, goti hubeba lisiloweza. Wewe mwenyewe umesema linauma ukishuka ngazi, si ukipanda. Basi mazoezi yako yawe ngazi. Tafuta jengo la ghorofa nne au tano, panda kwa mwendo wa kawaida, shuka polepole mno, kila hatua uihesabu mbili. Anza na dakika kumi, mara tatu kwa wiki, ufike dakika ishirini na tano. Ukiona goti linavimba, linakwama, au linalegea ghafla, acha ngazi na uende kwa mtaalamu wa viungo hospitalini kabla ya kufikiria mlima wowote.

Ukiwa njiani, shuka kwa hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo, usilinyooshe likafunga. Mwinuko ukiwa mkali, usishuke wima. Tembea kwa kukata kona, kushoto kulia. Na chukua fimbo, au mbili. Wanawake wengine huona fimbo ni ya bibi. Niamini, fimbo inaondoa sehemu ya uzito kwenye magoti, na ndiyo maana mabingwa wenyewe wanazitumia. Urefu wake mzuri ni ule ambao ukisimama na kuishika, kiwiko kinakuwa pembe mraba. Ukishuka, iwe ndefu kidogo zaidi. Fimbo ya mti inatosha, ila iandae mjini. Ndani ya hifadhi hukati hata kijiti.

Viatu. Huhitaji buti za gharama. Raba imara yenye meno chini inatosha Udzungwa na hata Mandara wakati wa kiangazi. Iwe na nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole, maana ukishuka mguu husogea mbele. Kata kucha siku mbili kabla. Ukinunua buti za mitumba, na Dar zipo nzuri, zikunje kwa nguvu uone kama soli inaanza kuachia. Buti iliyokaa stoo Ulaya miaka kumi inaonekana mpya lakini gundi na soli vimeshakufa, na hufunguka siku ya kwanza ya kazi. Nimewahi kumfunga mgeni buti kwa vipande vya kanga kuanzia katikati ya mlima mpaka chini, na mgeni mwenyewe alikuwa mtu mzito serikalini, tukashuka kimyakimya. Na kiatu kipya, hata kiwe kizuri vipi, kivae wiki tatu mjini kwanza.

Nguo: suruali nyepesi ndefu, soksi zinazopanda juu ya kifundo. Kwa akina mama wanaopenda kujistiri, vaa kitenge juu ya suruali mpaka langoni, ukianza kupanda kikunje mkobani. Gauni refu hukanyagwa kwenye ngazi za mizizi. Kanga moja mkobani ni chombo cha kazi kuliko vifaa vingi vya dukani: utaikalia, utajifuta, utamfunga mtu mkono, utajikinga ukijisaidia. Maji lita mbili kwa kila mtu, zaidi kama jua ni kali. Chakula kiwe cha kula ukiwa umesimama: mayai, karanga, ndizi, mihogo ya kuchemsha. Wali na kuku wa kupakia kwenye hotipoti waachie sherehe. Na koti la mvua, hata kama mbingu ni nyeupe.

Nyoka. Wapo, siwezi kukudanganya. Lakini katika miaka yangu yote, nyoka wengi niliowaona niliwaona mkia tu, wakiondoka. Nyoka husikia mtikisiko wa ardhi, na watu kumi na wawili wakitembea kwa mstari ni kama treni kwake. Sheria ni mbili: usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika, na usivuke gogo kwa kuruka. Kanyaga juu yake kwanza, uangalie upande wa pili, ndipo ushuke. Kwa kweli siafu na upupu watakusumbua kuliko nyoka. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, ongeza hatua ndefu wala usisimame kuushangaa. Upupu ni ule mmea wenye maganda ya rangi ya dhahabu yenye manyoya. Ukikugusa, usijikune, maana kujikuna kunausambaza.

Wanyama wakubwa ni habari nyingine, na ndiyo sababu kwenye njia nyingi hutembei bila mwongozaji, na penye tembo na nyati unapewa askari mwenye silaha. Mkiwa naye, yeye yuko mbele, ninyi mko nyuma kwa mstari mmoja, sauti ya chini, na akiinua mkono mnasimama. Hamkimbii hata mkihisi kukimbia, mpaka aseme. Nimeona watu wakimpita askari ili wapate picha. Bunduki ya nyuma yako haikusaidii kwa nyati aliye mbele yako.

Kwa kuwa wengine watasoma hili wakiwa mbali na Morogoro, niguse haraka sehemu nyingine. Aliye Unguja ana Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ya pekee ya taifa visiwani, kama kilomita 35 kutoka mjini. Ni tambarare tupu: unatembea chini ya miti mikubwa, unakutana na kima punju, ambao ni wa Unguja, kisha unapita daraja la mbao juu ya mikoko. Hata bibi yako anaweza. Ila kwa sababu hiyohiyo haitakupima kwa ajili ya mlima. Aliye Mbeya au Njombe ana Kitulo, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Nayo ni mbuga ya maua, ikiwemo aina nyingi za okidi, na maua yenyewe huchanua Desemba mpaka Aprili, wakati wa mvua. Njia zake ni za kupandishapandisha tu, lakini uko mita 2,600, kwa hiyo utahema kama aliyekimbia, na baridi ya kule si mchezo. Aliye Arusha ana Hifadhi ya Arusha: kutoka lango la Momella unatembea na askari kupita uwanda wenye nyati na twiga mpaka maporomoko ya Tululusia, chini ya Mlima Meru. Ni matembezi mazuri sana, nusu siku, na hapo ndipo somo la kukaa nyuma ya askari lina maana.

Kwa wasomaji wa Kenya, Hell's Gate pale Naivasha ndiyo ya kuanzia. Ni moja ya hifadhi chache ambako unaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli katikati ya punda milia na twiga, na barabara kutoka lango la Elsa ni karibu tambarare yote. Jihadhari na lile korongo tu. Mafuriko ya ghafla yaliua vijana pale Aprili 2012, na yakaua watalii tena Septemba 2019. Mvua hainyeshi juu yako. Inanyesha mbali huko juu, na maji yanakufuata kwenye ukuta wa mawe usio na pa kupandia. Msimu wa mvua, au wingu likiwa zito upande wowote, kaa nje ya korongo, na mwongozaji akisema limefungwa usimbembeleze. Longonot, jirani yake, watu wa Nairobi huidharau kwa sababu iko karibu na njia ya kufika ukingoni ni kilomita 3.1 tu. Rudi kwenye hesabu ya Naismith: dakika 37 za njia, kisha ongeza muda wa mwinuko, kwenye vumbi na jua bila kivuli. Halafu kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2 nyingine. Si ya siku ya kwanza. Na wale wa Kitale wana Saiwa, hifadhi ndogo kuliko zote Kenya, ya kutembea tu kwa miguu juu ya vidaraja vya mbao ukimtafuta nzohe, swala wa kinamasi, kwenye matete. Wachache wanaijua, na ni ya raha kwa watoto. Kenya pia, tangu Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, kwa hiyo beba chupa yako ya kudumu.

Turudi kwenu. Mandara mwezi wa Uhuru. Siku hizo mlima una watu wengi, kwa sababu Watanzania wanapenda kuukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kileleni. Ni siku nzuri ya kuwa pale, lakini mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli mara nyingi zinakuwa hazijaisha. Msituni mtapata ukungu na matone. Mlale Marangu au Moshi usiku wa kabla, msitoke Dar usiku mkafikia langoni na macho mekundu. Muwe langoni saa mbili. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa pesa taslimu, hivyo mwenye simu yenye salio na kitambulisho cha taifa awe tayari, na kila mmoja awe na chake, maana ndicho kinachokupa bei ya mwenyeji. Viwango hubadilika, ulizeni wiki hiyo. Mwongozaji ni lazima Kilimanjaro, hata kwa siku moja.

Njiani nendeni kwa mwendo ambao kila mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekimbia. Wa mbele awe yule wa polepole kuliko wote, na yule mwenye mbio mumpe kazi ya kubeba chakula nyuma. Nusu ya njia kuna mahali pa kupumzikia, Kisambioni, penye vyoo. Hapo mtaangalia saa. Kama ni saa sita imepita na mlikuwa mmeanza saa mbili, geuzeni hapo, mle, mshuke. Kikundi kimoja cha ofisini nilichokiona kilifika langoni saa tano baada ya supu ndefu, kikakataa kugeuka Kisambioni, na tukakishusha kwa tochi za simu. Hakuna aliyeumia, ila hakuna aliyepanda tena.

Kwenye msitu huo tafuta ua dogo jekundu lenye njano, limejikunja kama mkonga wa tembo. Linaota Kilimanjaro tu, kando ya njia, kwenye unyevu. Wengi hulikanyaga wakiangalia juu. Na mkifika Mandara mkiwa na muda na miguu, kuna kreta ya Maundi, robo saa kutoka vibandani, ambako mbingu ikifunguka mnaiona Kenya. Mwenye kuumwa kichwa kinachozidi, kutapika au kizunguzungu hapo juu asiongezwe hata hatua moja: ashuke, na mtu mmoja ashuke naye. Mwenye presha au moyo aongee na daktari wake mwezi mmoja kabla.

Mwanao wa miaka kumi: Udzungwa mpeleke, lakini piga simu hifadhini kwanza uulize umri unaoruhusiwa kwa kila njia, maana penye askari mwenye silaha masharti yanaweza kuwa tofauti. Prince Bernhard na Sonjo ataziweza kuliko wewe. Shida ya mtoto si nguvu, ni kuchoka kwa ghafla: anaruka saa moja, kisha anakaa chini na dunia imeisha. Mpe kazi, ahesabu mbega au ashike saa ya kupumzika. Mandara na akina mama kumi na wawili, simshauri mwaka huu.

Mang'ula, kabla hamjaanza Sanje, mwambie mwongozaji wako kwamba goti bovu ni la kushoto. Msimwambie mkiwa tayari mnashuka. Atachagua upande wa kutembea na wewe, na kwenye ngazi za mawe zenye maji atakuwa chini yako, mkono wake ukiwa umeshanyooshwa.